Herufi Zilizohama

Wenzangu wa idara ya kompyuta,

Siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani na daftari gumu la mistari. Saa nimeitundika sebuleni. Inatangulia kwa dakika saba, nami sina tena haraka ya kuirekebisha. Daftari mlitaka nilijaze mbinu za zamani, zile mnazopenda kunichokoza nizisimulie wakati wa chai. Nimejaribu. Lakini hadithi mnayoipenda kuliko zote, ile ya kompyuta niliyoifungua kwa bisibisi wakati wa vita huku askari wakiisubiri, nimekuwa nikiwasimulia nusu miaka yote hii. Leo naandika nusu niliyoificha. Nikimaliza, mtaona kwa nini sikuweza kuisema nikiwa nimeshika kikombe mbele yenu.

Sikuanza na kompyuta. Nilianza na mashine za kupigia chapa, mtaani Songo, Uvira, kwa Mzee Kasiano, ambaye karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la kuelekea ziwa. Siku ya kwanza alinipa mswaki wa meno, kopo la mafuta ya taa na mashine ya parokia iliyojaa vumbi la chaki. Nikaisugua mpaka jioni. Kesho yake akanipa nyingine, nikaona herufi zake hazikupangwa kama za jana. Ile ya jana ilianza na A, hii ilianza na Q. Nikamwambia kuna mtu ameziharibu.

"Apana," akasema bila kuinua macho. "Ya jana iko Mukatoliki. Hii iko Muprotestanti. Usiibatize upya, weye isafishe tu."

Ndivyo tulivyoziita kwa miaka. Mashine zilizoletwa na mapadri wa Kifaransa zilikuwa na A mwanzoni. Zile za misheni za watu wa Kiingereza zilikuwa na Q. Mzee alizijua zote kwa vidole. Alinifundisha pia kwamba ukitaka kujua ugonjwa wa mashine usianze na mashine, umwangalie kwanza anayeitumia, jinsi vidole vyake vinavyotembea. Fundi wa haraka huangalia karatasi, alisema. Nilikuwa mwanafunzi mzuri wa kukariri maneno yake.

Kompyuta zilipoingia Uvira, Mzee Kasiano aliifungua ya kwanza, akachungulia ndani, akaifunga. Akasema haina meno, hawezi kutibu kitu kisicho na meno. Akaniachia mimi. Nilijifunza kwa kitabu cha Kifaransa nilichoazimwa, kisicho na jalada wala sura ya mwisho, kwa hiyo kwa muda mrefu sikujua mambo yanaishaje. Nilijifunza kusafisha migusano kwa raba ya wanafunzi, kufukuza mende waliopenda joto la ndani, na kutambua harufu ya mjusi aliyeungua kwenye kisanduku cha umeme. Hilo la mjusi hakuna kitabu kilichoniambia.

Vita vya kwanza vilipofika, Mzee alivuka kwenda Kigoma, chuma chake cha kuchomelea amekizungushia shati. Hakurudi, tulisikia aliugua akafia huko. Karakana ikabaki mikononi mwangu, na vita vya pili vikanikuta ndani yake.

Hapa lazima niwaeleze namna tulivyofanya kazi, maana kosa langu limo humo. Watu walileta sanduku la kompyuta peke yake, kwa kichwa au kwa baiskeli. Kioo na kibodi walivikwepa, ni mizigo ya bure. Mimi nilikuwa na kioo changu na kibodi changu, na kila sanduku lililokuja lilichomekwa humo. Kibodi hicho nilikipata kwa ofisi moja ya wageni wa Kiingereza walioondoka mji kwa haraka. Kilikuwa kizito, chenye sauti, na kilianza na Q. Muprotestanti, kama angesema Mzee. Vidole vyangu vilikizoea hadi nikasahau kwamba kina dini.

Vita vile vilifundisha watu kufunga. Watu ambao hata choo chao hakikuwa na komeo walikuja kuniomba niwawekee neno la siri, lile ambalo kompyuta hukuuliza mara tu unapobonyeza kuiwasha, kabla haijaamka vizuri. Baada ya mwezi walirudi wamelisahau. Kulifungua hakukuwa uchawi. Neno lile hukaa katika kumbukumbu ndogo inayolishwa na betri ya duara kama kifungo cha koti. Unafungua sanduku, unatoa betri. Mashine ikiwa na kichwa kigumu, unatafuta kwenye bamba kubwa la ndani kile kidude cha plastiki tulichokiita kavalie, unakihamisha pini moja, unahesabu, unakirudisha. Mashine inasahau kila kitu ilichoahidi kukilinda. Mjini wakanipa jina la Fungua-Yote. Nilijifanya silipendi.

Baba Zawadi alikuwa mmoja wa hao niliowafungia. Alikuwa mwalimu, shule zilipofungwa akawa katibu wa chama cha wakulima wa mpunga wa bondeni. Kazi yake ilikuwa kuandika nani wa kijiji gani amepewa mbegu gani. Jina lake la ubatizo hakuna aliyelitumia. Kama ilivyo kwetu, mtoto wa kwanza akizaliwa anachukua majina ya wazazi na kuwapa lake, nao wakawa Baba Zawadi na Mama Zawadi. Binti yao Zawadi alifariki kwa homa akiwa na miaka tisa, wakati barabara ya kwenda hospitali ilipofungwa. Jina likabaki juu yao. Hatuna desturi ya kulivua.

Nilimwekea kifungo cha neno la siri ofisini kwake, kwenye kibodi chake mwenyewe, ambacho kilianza na A. Nikageukia dirisha aandike neno lake. Nilimsikia akilipiga haraka, mara mbili, kama mtu anayeandika kitu anachokijua. Tukanywa chai, nikaondoka.

Miezi michache baadaye, asubuhi, nilisikia gurudumu la toroli nje. Juu ya toroli lilikuwapo sanduku lile. Nyuma yake alitembea Baba Zawadi, mikono imefungwa kwa mpira wa baiskeli, na askari watatu wa wale walioshika mji siku hizo. Mkubwa wao alikuwa na viatu safi na sauti ya chini. Walikuwa wamekuta ofisini karatasi za majina ya watu wa bondeni, kila jina na alama pembeni. Walidhani ni orodha ya wapiganaji.

"Weye njo tekinisie?" mkubwa akauliza, akimaanisha fundi.

"Ndiyo, afande."

"Huyu muntu anasema mu ordinatere iko majina ya mbegu tu. Afungue, tuone na macho," akasema akigonga sanduku.

Baba Zawadi alifurahi kuniona. Hilo silisahau. Aliniangalia kama mtu aliyefika nyumbani. Wakamfungua mikono, nikachomeka kioo changu, nikachomeka kibodi changu, nikabonyeza. Mashine ikauliza neno.

Akanyoosha kidole. Kidole kikaenda kushoto juu, kikasita, kikarudi. Akainamia kibodi, akaanza kutafuta herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Mtu aliyeandika kila siku ya Mungu! Kwenye kioo zikatokea nyota sita. Mashine ikakataa. Akajaribu tena, polepole zaidi, jasho likimdondoka. Ikakataa. Mara ya tatu ikakataa na kujifunga yenyewe.

"Neno iko nini?" afande akauliza.

"Iko Zawadi."

Askari mmoja akacheka. "Si weye njo Baba Zawadi? Soko yote inajua ile jina. Nani anaweza funga siri na jina ya kwake?"

"Iko jina ya mutoto yangu. Minye nimeiandika. Lakini afande, maletra imehama fasi. A haiko fasi yake."

Sasa wakacheka wote. Herufi zimehama! Afande hakucheka. Alinigeukia mimi, akaniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza dawa dukani.

"Tekinisie. Hii mashini iko muzima?"

"Iko muzima, afande."

"Inaweza kataa neno ya kweli?"

Wenzangu, nimelirudia swali hilo kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema ngoja nichunguze. Mzee Kasiano angesema ngoja, hata kwa mteja mwenye haraka, hata kwa askofu. Nilikuwa naogopa, ndiyo, lakini woga peke yake haukutosha kuleta jibu lile. Nilikuwa nimeulizwa swali la ufundi mbele ya watu wenye bunduki, na kwa mara ya kwanza tangu waingie mjini kuna mmoja wao aliyehitaji akili yangu. Kichwa kikanivimba.

"Apana, afande," nikasema. "Neno ikiwa ya kweli, inafungua. Mashini haijue kusema uongo."

Baba Zawadi akanitazama. Wakamfunga tena mikono, wakaondoka naye, na afande akaniambia niifungue kwa njia yangu, atarudi mchana.

Hapo ndipo hadithi mnayoijua inapoanza. Betri nilitoa, mashine ikakataa kusahau; nikatafuta kavalie kwa tochi na kioo cha kunyolea, nikakipata chini ya waya, nikakihamisha kwa ncha ya bisibisi. Ikafunguka. Nilipiga kofi mwenyewe karakanani, niseme kweli. Kisha nikafungua mafaili. Jina, kijiji, mbegu. Jina, kijiji, mbegu. Zile alama pembeni zilikuwa za waliokwishapokea.

Afande aliporudi nilimwonyesha kwa furaha, nikijua nimemwokoa rafiki. Alisoma kwa muda mrefu, akipitisha kidole kwenye kioo.

"Kweli, haiko kitu," akasema. "Sasa juu ya nini alidanganya?"

Yaani kwa sababu gani. Alikuwa ameegemea maneno yangu mwenyewe. Kama majina hayakuwa na ubaya, basi aliyekataa kuyafungua alikuwa anaficha kingine, na hicho kingine wakaamua kukitafuta mwilini mwake. Mama Zawadi alipeleka chakula kila siku. Kilipokewa na sahani ikarudishwa, bila habari.

Wiki mbili baadaye alikuja sista mmoja wa zahanati, mwanamke mkali asiyewaamini mafundi, kwa hiyo alileta sanduku pamoja na kibodi chake kwapani. Mashine ilikuwa na kifungo cha neno la siri. Nikamwambia aandike kwenye kibodi changu, kilichokuwa kimeshachomekwa. Akaandika, akitafuta herufi moja moja. Ikakataa. Akarudia, ikakataa. Mimi tayari nilishachukua bisibisi.

"Acha hiyo," akasema. "Chomeka klavie yangu."

Tukaizima, nikachomeka, tukaiwasha. Akaandika neno lile lile, ikafunguka palepale. Sista akacheka, akanionyesha mikono. "Vidole vyangu iko Mukatoliki," akasema. Na yeye alikuwa anaujua ule utani wa Mzee.

Niliketi. Sista alidhani ni malaria.

Nyie wa leo mnalijua hili bila kufikiri. Mimi sikulijua. Nilidhani Z ni Z popote ilipochapwa, kama kwenye mashine za Mzee, ambako ukigonga Z karatasi inapata Z. Lakini kompyuta ile, inapouliza neno kabla ya kuamka, haijajua bado umeweka kibodi cha nani. Haikuhifadhi herufi. Ilihifadhi mahali kidole kilipogonga. Chukueni kibodi chenye A mwanzoni na kile chenye Q, mtafute neno ZAWADI. Z imehama. A imehama. W imehama. A ya pili imehama. Zimebaki D na I tu. Baba Zawadi aliandika neno lake sawasawa, herufi kwa herufi, kwenye kibodi changu, na kibodi changu kikamkana. Alituambia wazi kilichotokea, kwa maneno ya kawaida kabisa, na mimi niliyelipwa kwa kuyajua hayo nikaona vidole vinavyotafuta nikasema ni vidole vya mwongo.

Mngetegemea nikimbie kwa afande siku hiyo hiyo. Nami nilitegemea. Kesho yake nilivaa shati safi, nikachukua kibodi changu na kingine chenye A nilichoazima, nikavitia kwenye mfuko nimwonyeshe. Nikafika mpaka kizuizi kilicho karibu na kambi yao. Askari akaniuliza ninakwenda wapi. Nikafikiria afande atakavyouliza: kwa hiyo weye njo ulitudanganya? Nikawaza kile chumba ambamo sahani zilitoka bila habari.

"Ninaenda nunua ndagala," nikasema.

Nikageuka, nikanunua dagaa hizo kweli, nikarudi nyumbani nikazila. Baba Zawadi alikaa ndani zaidi ya mwezi mwingine baada ya siku ile. Kila siku ya mwezi ule mimi nilikuwa najua, na kila siku nilifungua karakana na kufanya kazi.

Alitoka wakati wakubwa wa kambi walipobadilishwa na wapya wakaona vyumba vimejaa mno. Sikio la kushoto lilikuwa halisikii, na vidole viwili vya mkono wa kulia havikukunjika tena. Juma moja baadaye alikuja karakanani. Nilidhani amekuja kunilaumu, nilitamani anilaumu. Alikuja kunishukuru. Alisema kama nisingeifungua mashine wakaona majina ya mbegu, wangemuua siku ya kwanza.

"Woga ilinila," akasema. "Minye baba yake, nikashindwa kuandika jina ya mutoto. Nilikuwa naona maletra, naona sijui iko wapi. Unajua vile inauma?"

Nilijua. Nikamwambia pole. Nikamwekea chai.

Baada ya hapo aliwaomba watu wamwite Mwalimu. Hakueleza sababu, na wengi walidhani ni majivuno ya kurudi shuleni. Mkewe naye akaanza kujiita Mama Mwalimu, akauzoesha mtaa wote. Jina la mtoto likatoka katika nyumba ile, na mimi niliyelitoa nikawa rafiki wa familia. Nilialikwa sikukuu. Nilikula samaki wao, mikeke ya ziwani. Miaka ikapita, nikaajiriwa hapo idarani kwetu, nikawafundisha ninyi, nikawaambia kila mara mteja asiharakishwe, nanyi mkasema mzee ana hekima.

Mwezi uliopita, kabla ya kuanza daftari hili, nilipanda kwake Songo. Nilimkuta uani kwenye kiti chake, nikakaa upande wa sikio zima. Mkewe alinimiminia chai akarudi jikoni. Nilikuwa nimebeba vibodi viwili, nikaviweka mapajani mwake, nikamweleza yote: A na Q, kidole na herufi. Nikamweleza mpaka ile sentensi yangu kwa afande. Nikaishia hapo, sikumwambia nililijua lini.

Alivipapasa kwa muda mrefu. Akatafuta kwenye kile chenye A, kwa vidole vyake vinavyokunjika, akabonyeza sita. Akahamia kile chenye Q, akabonyeza sita. Akafanya tena. Machozi yakawa yanamtoka, lakini uso wake ulikuwa unafunguka.

"Kwa hiyo niliandika muzuri," akasema.

"Uliandika vizuri."

"Sikusahau."

"Hukusahau, ndugu yangu. Mimi ndiye niliyekosa."

Hata hakunisikia, na haikuwa kwa sababu ya sikio. Aligeukia jikoni akaita kwa nguvu, "Mama Zawadi! Mama Zawadi, kuya!"

Hakuna aliyetokea. Akaita tena. Mkewe akachungulia mlangoni, akatazama geti, akauliza ni mgeni gani anaitwa hivyo. Kisha akamwona mumewe anavyomtazama, akaelewa ni yeye. Akashika mwimo wa mlango.

Mumewe alimwambia yote kwa haraka, kwa furaha, akimwonyesha herufi. Mama Zawadi alisikiliza mpaka mwisho. Alisema jina la mtoto mara moja, polepole, kama anayelijaribu. Halafu akanigeukia mimi.

"Weye ulijua hii tangu lini?"

Ningeweza kusema tangu juzi. Mumewe angeamini.

"Tangu wiki ya pili," nikasema. "Alikuwa ndani bado."

Baba Zawadi aliacha kubonyeza. Mkewe alinijia, akanitoa kikombe mkononi, kikiwa bado nusu, akamwaga ile chai chini palepale kati yetu.

"Yeye atakusamehe kesho," akasema. "Muko namna hiyo, weye na yeye, wepesi. Lakini minye njo nilikuwa nabeba ile sahani. Enda."